Mwaka Niliovua Aproni Mnadani

Nilienda kumzika Bwana Ezekia kule Njoro, na sikwenda kumlilia. Naomba hilo lieleweke mapema, kwa sababu walioniona nimeketi chini ya hema, nimefunga kitambaa kizuri kichwani, walidhani nimekuja kwa upendo. Mama mmoja wa kanisa alinishika mkono akaniambia, "Pole sana, mwalimu, najua mlikuwa marafiki wa mambo ya stempu." Nikamwambia hatukuwa marafiki. Akatabasamu, akidhani ni majonzi yananisemesha. Ukweli ni kwamba mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini, mtu huyu aliniambia mbele ya chumba kizima nishushe mkono, na nilitaka kuwepo siku ambayo hangeweza tena kuniambia neno. Mchungaji alihubiri kwa kirefu juu ya ukarimu wa marehemu. Mimi nilikuwa nikitazama ngano ya shamba la jirani, imeiva, upepo unailaza upande mmoja, na mawazo yangu yalikuwa kwa Mwalimu Chelagat na sanduku lake.

Mambo ya ukoo wangu nayaacha, hayana kazi hapa. Mwaka huo nilikuwa nimemaliza shule, nimepata nafasi ya chuo cha ualimu, na nilikuwa nikingoja chuo kifunguliwe. Huku nikingoja nilipata kazi kwa Bwana Festo, dalali aliyekuwa na chumba cha mnada karibu na stesheni ya reli pale Nakuru mjini. Zamani chumba hicho kilikuwa ghala la nafaka, na hata baada ya kupakwa rangi kilibaki na harufu ya magunia na mahindi makavu. Vitu viliingia kutoka mashamba ambayo wenyewe walikuwa wamehama au wamekufa: vitanda vya chuma, mikebe ya maziwa, matandiko ya farasi, kinanda cha kanisa kilichopoteza sauti, picha za mbwa kwenye fremu za dhahabu ya uongo. Kazi yangu ilikuwa kuvaa aproni ya kijivu, kusimama kando ya meza na kuinua kila kitu juu ili wanunuzi wakione. Bwana Festo alikuwa na sheria moja ambayo hakuwa na mchezo nayo: mwenye aproni hanunui. "Ukiinua mkono hapa," aliniambia siku ya kwanza, "nataka nione umeshika kitu." Alikuwa mtu wa haki kwa kiasi chake. Alitulisha githeri kila siku ya mnada, na nyundo yake ikishagonga meza hakuna aliyebishana. Kisha alimuuliza mnunuzi jina. Mnunuzi akiwa mwanamke aliongeza swali, "Kwa niaba ya nani?" Na wanawake walitaja mume, au kaka, au mwajiri. Nilisikia swali hilo mara nyingi sana na sikuona ajabu yoyote, mpaka nilipokodi chumba nyuma ya nyumba ya Mwalimu Chelagat.

Mwalimu alikuwa amefundisha jiografia miaka mingi, na sasa alikuwa amestaafu kwa sababu ya macho. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa Bondeni, vyumba viwili na jiko la nje, na upepo ukigeuka tulipata harufu ya pareto kutoka kiwandani, kali, ya kukausha koo. Tulikula mapema sana, jua likiwa bado juu, kwa kuwa taa ya mafuta haikumsaidia na alitaka mwanga wa dirisha umtoshe. Ugali, sukuma, siku za heri maini kidogo, na kila siku maziwa lala ya kibuyu yenye madoa ya mkaa ambayo mimi, mtu wa samaki na omena, nilijifunza kuyanywa bila kukunja uso. Baada ya kula alipangusa meza, akasubiri ikauke, akaosha mikono kwa sabuni ya mche, akaipunga hewani. Mimi pia nilitakiwa kufanya hivyo. "Mafuta ya vidole," alisema, "ni adui wa karatasi kuliko panya." Ndipo alipolileta sanduku.

Lilikuwa sanduku la mbao la kubebea chaki za shule, na unga mweupe ulikuwa bado umejificha kwenye pembe zake. Ndani yake bahasha zilisimama wima kwa mpangilio wa reli: Naivasha mbele, halafu Gilgil, Nakuru, Njoro, Elburgon, Molo, hadi Mau Summit, na katikati yake zile posta ndogo za mashambani zilizofungwa ambazo hakuna anayezikumbuka. Watu wengi waliokusanya stempu wakati ule walitaka stempu peke yake, sura ya mfalme, rangi yake, meno yake ya pembeni kama yametimia. Mwalimu alitaka bahasha nzima. "Stempu hii ilichapwa kwa magunia," aliniambia akiigusa kwa ncha ya kibanio. "Iko kila mahali. Lakini muhuri huu uliopigwa juu yake, wa posta hii, siku hiyo, kwa barua ya mtu huyu, uko hapa tu." Na watu wenyewe hawakuwa mabwana wakubwa. Hao bahasha zao zilikuwa zimekusanywa zamani na kupelekwa ng'ambo. Mwalimu alikusanya barua za vibarua. Wapishi, wakamuaji, watu wa reli, wachunga kondoo. Hawa hawakuwa na sanduku la posta, kwa hivyo barua zao zilipitia sanduku la mwenye shamba. Juu unasoma jina la kibarua, chini yake maneno "kupitia kwa Bwana" fulani, halafu sanduku la huyo bwana, halafu mji. Alikuwa amezipata kwa kuomba, mlango kwa mlango, likizo baada ya likizo, kwa wajane na wazee waliokuwa wamezifungia pamoja na vitambulisho na hati za ubatizo.

Bahasha niliyoipenda mimi ilitoka Ndabibi, ikitumwa kwa mama mmoja aliyeitwa Nasimiyu, mpishi katika shamba karibu na Molo. Ilipitia Naivasha, ikafika Molo, ikarudi Nakuru, mihuri ikapandana mgongoni. Mtu wa posta alikuwa ameandika kwa penseli kwamba huyu amehama, ajaribiwe Elburgon. Elburgon wakamjaribu. Barua yenyewe haikuwemo ndani, bahasha tu, na ilikuwa imefunguliwa juu kwa kisu, taratibu, bila kuchana hata kidogo.

"Alipata," Mwalimu alisema.

"Umejuaje?"

"Nani anafungua hivi barua isiyokuwa yake?"

Nikaishika ile bahasha, nikaigeuza, nikaisoma mihuri tena. Nilikuwa nimesoma historia shuleni, nimepita mtihani wake vizuri, na sikuwa nimewahi kuonyeshwa kwamba mpishi wa kike alitafutwa na posta tatu mpaka akapatikana. Nilisikia hasira, na sikujua bado namkasirikia nani. Baadaye nilijua.

Mjini kulikuwa na chama cha stempu. Kilikutana Jumamosi alasiri katika chumba nyuma ya ukumbi wa kanisa, na mwenyekiti wake alikuwa Bwana Ezekia, mwenye duka la vitabu na karatasi, mzee wa kanisa, mtu aliyevaa tai hata akienda kununua mboga. Wanawake waliingia chumba kile kwa ajili ya chai. Mwalimu alikuwa amepeleka sanduku lake huko mara moja, na Bwana Ezekia akalipekua kwa kidole kimoja na kumwambia, "Mwalimu, hizi si stempu. Hizi ni anwani za vibarua." Wenzake wakacheka. Hakurudi tena. Mimi nilifika huko siku moja nimetumwa na Bwana Festo, na nikajionea wanavyofanya kazi. Katikati ya meza kulikuwa na beseni la maji ya uvuguvugu. Mtu alichukua bahasha, akakata kona yenye stempu kwa mkasi, akaitumbukiza. Baada ya muda gundi inalegea, stempu inaelea, wanaiokota kwa kibanio na kuilaza kwenye gazeti ikauke, safi, tayari kubandikwa kwenye albamu. Bahasha iliyobaki ilitupwa kwenye karai, na karai likaenda kwa mama aliyekuwa akiwasha jiko la chai. Nilisimama pale jikoni nikaona kipande cha karatasi kikishika moto, jina la mtu limebaki nusu. Wakanikaribisha chai. Sikuinywa, na nikamwambia yule mama kwa nini, naye akanitazama kama niliyerukwa na akili.

Katikati ya mwaka macho ya Mwalimu yalizidi. Alianza kusoma mihuri kwa kuisogeza puani, kisha kwa kuniuliza mimi. Daktari alimwambia kuna upasuaji unaoweza kumsaidia jicho moja, lakini si wa bure. Siku moja tukiosha vyombo akaniambia amempelekea Bwana Festo habari, sanduku litauzwa mnadani.

"Si unipe mimi nikutunzie," nikamwambia.

"Nikupe, halafu? Uende nalo chuo kichwani?"

"Mwalimu, watalikata. Unawajua."

"Nawajua." Alikuwa akifuta sahani moja muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Jerusha, nikilipeana bure watasema lilikuwa takataka, ndiyo maana nimelipeana. Nataka liuzwe mchana, mbele ya watu, ijulikane kwamba majina haya yana bei. Na nataka niuze nikiwa bado naona uso wa mtu anayenunua."

Siku ya mnada nilikuwa jikoni nyuma ya chumba, naosha vikombe, kabla watu hawajaitwa ndani. Ukuta wa jiko ulikuwa wa mabati, na nje yake watu walipenda kusimama kuvuta sigara. Nilisikia sauti ya Bwana Ezekia, na ya daktari mmoja wa meno aliyekuwa mwanachama mwenzake, na ya tajiri wa malori kutoka Salgaa aliyekusanya stempu za ndege na magari.

"Nitaita bei mimi peke yangu," Bwana Ezekia alisema. "Nyinyi muangalie juu. Nyundo ikigonga, tutakutana Salgaa kwa nyama, tugawane huko."

"Tugawane aje?" daktari wa meno akauliza.

"Kona za mfalme zako. Huyu achukue zake za picha. Mihuri mizuri nitaikata niweke. Hizo karatasi zingine, wapee watu wa jiko."

"Na yule mwalimu?"

"Huyo akipata bei ya mkebe wa maziwa atashukuru Mungu."

Walicheka, si kwa ubaya hata, bali kwa raha ya watu wanaofanya jambo la kawaida. Na lilikuwa la kawaida. Ndivyo minada inavyoibiwa mpaka leo: watu wanaotaka kitu kimoja wanakubaliana wasishindane, mmoja ananunua kwa bei ya chini, kisha wanaenda kufanya mnada wao wenyewe mahali mwenye mali hayupo. Niliacha vikombe nikamwendea Bwana Festo, nikamweleza yote. Alikuwa akifunga tai yake mbele ya kioo kidogo.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Kila dalali anajua. Sasa nifanye nini? Siwezi kushika mtu mkono nimuinulie." Akanitazama kwenye kioo. "Na wewe una aproni. Usisahau."

Nimefikiria sana sentensi hiyo. Kuna watu ambao wanajua ubaya wote, wanauona unapita mbele yao umevaa tai, na kazi yao ni kugonga nyundo mwishoni. Bwana Festo hakuwa mtu mbaya. Watu wa namna yake ndio walionichosha zaidi maishani, kuliko hata akina Ezekia, kwa sababu Ezekia angalau alitaka kitu.

Mwalimu alikuwa ameketi mstari wa pili, amevaa gauni lake la heshima, alilovalia kazi ya kuandikisha wapiga kura, mikono juu ya mkoba. Tuliuza mikebe ya maziwa, tukauza kitanda, tukauza mashine ya kusaga nyama. Kisha likaitwa sanduku la chaki, "bahasha za kale, pamoja." Nililiinua. Nililiinua juu kuliko kitu chochote nilichowahi kuinua pale, mpaka mabega yakauma, nikaligeuza kushoto na kulia. Bwana Ezekia akataja bei. Kweli ilikuwa ya mkebe wa maziwa, na si mpya. Bwana Festo akauliza kama kuna zaidi. Daktari wa meno aliangalia dari. Tajiri wa malori aliangalia dari. Wakulima waliokuja kwa ajili ya mikebe hawakujua ni kitu gani kile, wakanyamaza kwa heshima. Nikasikia Bwana Festo anasema, "Mara ya kwanza." Nikamtazama Mwalimu. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa amekaza macho yake mabovu kwa Bwana Ezekia, akimtafuta uso, kama alivyosema.

Nikaliweka sanduku mezani. Nikafungua mkanda wa aproni mgongoni, nikaivua, nikaikunja mara mbili nikaiweka kando ya nyundo.

"Jerusha, unafanya nini?"

"Nimeacha kazi, Bwana Festo."

"Tuko katikati ya mnada."

"Ndiyo maana nimeacha sasa."

Nikazunguka meza, nikakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi karibu na Mwalimu, nikainua mkono. Haukuwa umeshika kitu. Mtu nyuma akacheka. Bwana Festo alikuwa amekunja uso, lakini sheria zake zilikuwa zake, na kwa mujibu wa sheria hizo mimi sasa nilikuwa mtu kama watu wengine.

"Kwa niaba ya nani?" akauliza.

"Yangu mwenyewe."

Wakacheka tena. Bwana Ezekia akageuka kwenye kiti chake polepole, akanitazama kuanzia viatu. "Shusha mkono, msichana," akasema. "Hapa kuna wazee wanafanya kazi." Hakusema kwa hasira. Alisema vile mtu anamwambia mtoto aondoe kiwiko mezani. Akageuka mbele akataja bei nyingine, na mimi nikauinua mkono tena.

Niliogopa. Nilikuwa na akiba ya chuo, imefungwa kwenye leso chini ya godoro, na hiyo ndiyo mali yote niliyokuwa nayo duniani. Bei ilifika akiba hiyo haraka kuliko nilivyodhani. Ikaipita. Nyundo ingegonga kwangu wakati huo, sijui ningelipa kwa kitu gani. Kuna watu niliowasimulia jambo hili wakaniambia lilikuwa kosa, kwamba mtu hainui mkono kwa pesa asizokuwa nazo. Sikubali. Chumba kizima kilikuwa kimekubaliana kununua kwa bei isiyokuwepo, na mimi ndiye niliyeambiwa nafanya makosa. Kila nilipoinua mkono nilitaja moyoni jina moja kutoka sandukuni, na la Nasimiyu nililitaja zaidi ya mara moja. Kisha likatokea jambo ambalo sikulipanga. Daktari wa meno, kwa kuona bei imepanda na nyama ya Salgaa haitakuwa na faida tena, aliacha kuangalia dari akainua mkono wake. Bwana Ezekia akamtazama kwa mshangao mkubwa.

"Daktari, na wewe?"

"Si ni mnada?" daktari akasema.

Hapo hasira ya Bwana Ezekia ikapata pa kwenda. Alianza kutaja bei kabla hajaulizwa. Daktari akachoka mapema. Mimi sikuchoka. Ilipofika bei ya ng'ombe wa gredi mwenye mimba, wakulima wote walikuwa wamesimama kuona ni nini hicho kilichomo kwenye sanduku la chaki. Nikaanza kuinua mkono tena, na vidole vya Mwalimu vikanishika hapa, juu ya kiwiko.

"Inatosha," akaninong'oneza. "Kwa bei hiyo hawezi kuzikata. Atakuwa anakata ng'ombe wake."

Nikashusha mkono, kwa sababu mali ilikuwa yake na neno lilikuwa lake. Bwana Festo akagonga nyundo. Bwana Ezekia akaenda mezani kulipa, mishipa ya shingo imemsimama, akaondoka na sanduku kwapani bila kumsalimia mtu. Mwalimu alibaki ameketi. Alikuwa analia na anacheka, akiniuliza, "Umeona uso wake? Mimi nimeuona wote." Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa. Najua alishinda. Jicho lake moja lilipasuliwa likapona, na akasoma Biblia yake mwenyewe miaka mingi mpaka tulipomzika. Lakini sanduku lilikuwa limeondoka, na mkono ulikuwa umeshuka, na nilijisikia nimepokonywa.

Bwana Festo aliniambia nisikanyage tena chumba chake. Mjini nikaitwa yule msichana wa mnada, na kwa muda hakuna aliyetaka kunipa kazi hata ya kupima unga. Chuo kikafunguliwa nikaenda. Nimefundisha Njoro, nimefundisha Gilgil, nimewafundisha watoto kuandika anwani na nimewaonyesha wapi jina lao linakaa kwenye bahasha, juu, peke yake. Nimekusanya kidogo kidogo mihuri ya posta zetu. Miaka yote hiyo sikujua kama Bwana Ezekia alilipeleka sanduku kwenye beseni lake. Nilimwona mara kwa mara mjini, tukasalimiana kwa kichwa, na sikumuuliza, kwa sababu sikutaka apate raha ya kunijibu.

Sasa, baada ya kuzika, tuliitwa nyumbani kwa chakula. Pilau, kabeji, soda. Nilikuwa nimekaa kwenye kona ya sebule na sahani yangu, na nikainua macho, na juu ya kabati la vyombo, chini ya kitambaa cha kufumwa, nikaona pembe ya mbao yenye unga mweupe. Niliweka sahani chini. Binti yake, Lydia, mama mtu mzima sasa, akaona ninachoangalia.

"Ni wewe, mwalimu?" akauliza. "Yule msichana?"

"Ni mimi."

Akalishusha, akaniwekea magotini. Naivasha mbele, Gilgil, Nakuru. Nasimiyu alikuwa mahali pake. Hakuna kona iliyokatwa.

"Hakuikata hata moja," Lydia akasema. "Alikuwa analifungua sanduku akikasirika tu. Anasema, kuna msichana alinifanya ninunue majina ya vibarua kwa bei ya ng'ombe. Halafu anayasoma. Miaka ya mwisho alikuwa anayasoma kwa sauti."

Mtu mwingine angelainika hapo, na nadhani Lydia alitazamia hivyo. Mimi nililia, lakini sikumlilia baba yake. Nililia kwa sababu Mwalimu alijua, aliposema hawezi kuzikata, na mimi nilikuwa nimetilia shaka. Lydia akaniambia kaka zake wamepata mtu Nairobi anayetaka kuziuza moja moja kwa mtandao, kila bahasha nchi yake. Yeye hapendi. Akaniuliza kama ningenunua mimi, tupatane tu pale pale, kifamilia.

"Hapana," nikamwambia. "Lipeleke mnadani. Likiwa zima. Waite watu wote."

"Lakini mwalimu, huko si wanaweza kukushinda?"

"Wajaribu."

Lydia akakubali, nami nikauza kaploti kangu ka Ndabibi, kale kashamba kadogo, nipate pesa za mnada. Mwanangu alinipigia simu kutoka Nairobi, sauti yake ikiwa ya mtu anayeongea na mgonjwa. "Mum, bahasha? Seriously?" Nikamwambia ndiyo, bahasha. Akaniuliza kama nimeongea na daktari. Nikamwambia nitaongea na daktari siku atakapoongea yeye na wa kwake juu ya lile gari alilonunua, na tukaagana vizuri.

Siku hizi mnada unafanyika kwenye ukumbi wa hoteli, na kuna skrini, na vijana wawili wanaoshika simu za watu walioko mbali. Dalali ni kijana mwenye kipaza sauti na suruali ya kubana. Nilikaa mstari wa mbele kabisa. Yule broker wa Nairobi, aliyetaka kuziuza moja moja, alikuwa upande wa dirisha, na nilimwona anaongea na mwenzake, wote wawili wakicheka, na nikajua sauti ya kicheko hicho. Likaitwa sanduku. Nikauinua mkono wangu wa kulia, ule ule, wenye baridi yabisi sasa, na nikauacha hapo.

Bei ikapanda. Simu moja ikaingia, ikatoka. Broker aliinua karatasi yake, kisha akaniangalia, kisha akainua tena. Kijana alitaja tarakimu na kunitazama, akataja nyingine na kunitazama, na kila mara mkono ulikuwa pale pale.

"Mathe, unaweza shusha, nimekuona," akaniambia kwa upole.

"Najua umeniona," nikamwambia. "Endelea."

Watu wakaanza kugeuka. Bega lilikuwa linawaka moto. Broker akamwinamia mwenzake, wakanong'onezana, akaweka karatasi yake kwenye goti. Kijana akauliza mara ya kwanza, akauliza mara ya pili, akagonga, na mkono wangu ulikuwa bado juu.

"Jina la mnunuzi?" msichana wa kompyuta akaniuliza. Alikuwa mdogo, kama miaka ishirini, na kucha za rangi. "Ama unabuyia mtu?"

"Ninanunua mwenyewe," nikasema. Nikampa majina yangu yote mawili, na nambari ya sanduku langu la posta, hapa Nakuru.

Akaandika. "Hii box ni ya kupitia kwa nani?"

"Haipitii kwa mtu," nikamwambia. "Ni yangu."